Mihadhara, wekshopu na makongamano ya idara ya Kiingereza Marekani: mwongozo kwa anayeanza masta au PhD

Kila ikifika mwezi wa nane meseji ni zilezile. Mtu katoka Dar, Nairobi au Kampala, kaingia idara ya Kiingereza kwenye chuo cha Marekani, wiki ya kwanza tu imeli imejaa matangazo ya mihadhara na hajui lipi la lazima na lipi la hiari, basi anauliza: lazima niende? Kama sijasoma kitabu cha huyo mgeni naruhusiwa kuingia? Nikiuliza swali wakaniona sijui kitu je? Pepa la dakika 20 ni kurasa ngapi? Nauli ya kongamano analipa nani? Nimeona niyaandike yote sehemu moja.

Kitu cha kwanza ukishike: kwenye hizi programu sehemu kubwa ya elimu haipo kwenye ratiba ya kozi. Kozi za PhD zinaisha mapema, miaka miwili mitatu hivi, baada ya hapo unabaki wewe na tasnifu yako. Watu watakaokusoma, watakaokuandikia barua za kukupendekeza, watakaokutaja jina mahali ambapo haupo, wengi utawajulia kwenye hivi vyumba vya mihadhara. Na nakwambia kabisa, kile kiwekshopu cha watu nane chenye biskuti na chai kina faida kwako kuliko mhadhara wa profesa maarufu uliojaza ukumbi. Ukilielewa hilo mengine yote yatakaa sawa.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jina lako kwenye orodha za imeli. Ya idara haitoshi. Omba uingizwe kwenye ya chama cha wanafunzi wa uzamili wa idara, ya kituo cha masomo ya Afrika kama chuo kinacho, na ya idara ya fasihi linganishi. Mambo mengi ya kwetu yanatangazwa huko, idara ya Kiingereza wala haiyaoni.
- Kalenda ya simu. Weka tukio siku ileile ulipoona tangazo, ukisema utakumbuka hutakumbuka.
- Daftari la karatasi, moja kwa shughuli zote. Kuna vyumba watu hawapendi laptopu, na mtu anayetoa mada akiona umezama kwenye skrini anadhani unajibu imeli.
- Wasifu wako mfupi wa maneno 80 hadi 100, umeandikwa kama mtu mwingine anakuelezea. Utaombwa ghafla, tena mara nyingi.
- Jibu la swali "unafanya utafiti gani?" kwa sentensi mbili. Lifanyie mazoezi kwa sauti.
- Jina la mratibu wa programu, yule wa ofisini, sio profesa. Huyo ndo anajua hela ziko wapi, fomu ipi inajazwa lini na chumba kipi kina projekta nzima. Msalimie kila ukipita.

Nguo zisikuumize kichwa. Suti na tai ni za usaili, kwenye mihadhara ya kawaida watu wanavaa kawaida tu na kitenge chako kinaruhusiwa siku yoyote.

Ujue kwanza umealikwa kwenye nini

Matangazo yanafanana ila shughuli hazifanani. Kuna mhadhara wa mgeni, dakika 45 hadi 50 halafu maswali, halafu mvinyo na jibini. Kuna wekshopu ya kazi inayoendelea: pepa linatumwa siku kadhaa kabla, mnakuja mmeshalisoma, mwandishi anaongea dakika chache tu na muda wote uliobaki ni wenu. Chuo Kikuu cha Chicago kinajulikana sana kwa wekshopu za aina hii, ila siku hizi utazikuta sehemu nyingi. Kuna vikao vya mchana ambapo kila mtu anakuja na chakula chake. Kuna vikundi vya kusoma. Kuna usiku wa waandishi kusoma kazi zao, hasa kama idara ina programu ya uandishi wa kubuni.

Halafu kuna mhadhara wa usaili, ambapo mtu anayeomba kazi ya uprofesa kwenye idara yenu anatoa mada mbele ya watu wote. Huu usiukose hata kidogo. Unaona kwa macho yako kile ambacho wewe utafanya baada ya miaka mitano, unaona nani alifanikiwa na kwanini, na idara nyingi zinawaomba wanafunzi maoni yao baadaye. Usipige picha, usirekodi, na usiandike mtandaoni nani kaja kusailiwa, maana mtu anaweza kuwa hajaiambia kazi yake ya sasa.

Hatua ya 1: Chagua, usiende kila mahali

Wageni wanakosea pande zote mbili. Kuna anayeenda kila siku mpaka kazi za darasani zinamshinda, na kuna anayejifungia chumbani mpaka mwezi wa kumi na mbili. Fanya hivi: chagua wekshopu MOJA ambayo utahudhuria kila inapokaa, hata siku mada haikuhusu, mpaka watu wakikukosa waulize uko wapi. Juu ya hapo ongeza mhadhara mmoja au miwili ya wageni kwa mwezi, ule unaogusa eneo lako na mwingine mmoja wa mbali kabisa, mashairi ya karne ya 17 kwa mfano. Huo wa mbali utakufundisha namna ya kujenga hoja, kwasababu hauna maoni yoyote juu ya maudhui, unabaki kuangalia ufundi tu.

Ya lazima hayazidi machache: kikao cha kuwakaribisha wapya, semina za taaluma kama idara inazihesabu, na shughuli za supavaiza wako. Ukiwa na mashaka muulize mratibu.

Hatua ya 2: Jiandae saa moja, isizidi

Kwa mhadhara wa mgeni huhitaji kusoma kitabu chake chote. Soma ukurasa wake kwenye tovuti ya chuo anachofundisha, soma makala yake moja au utangulizi wa kitabu chake cha karibuni, alafu soma muhtasari wa mhadhara wenyewe mara mbili. Andika kwenye daftari kitu kimoja unachotaka kujua. Basi.

Wekshopu ni tofauti. Pepa limetumwa, lazima ulisome. Kwenda wekshopu bila kusoma ni kumkosea adabu aliyeandika, na inaonekana wazi mkiwa watu nane mezani. Ukiwa hujasoma kwa sababu ya msingi nenda ukakae kimya, usianze kuchangia kwa kubahatisha.

Hatua ya 3: Fika, kaa, sikiliza kwa kalamu

Fika dakika 5 hadi 10 kabla. Huku tangazo likisema saa kumi jioni, saa kumi na dakika tano mtu anaongea. Usikae mstari wa nyuma kabisa, kaa katikati pembeni, utaonekana ukinyoosha mkono na ukilazimika kutoka kwenda kufundisha utatoka bila kusumbua. Ukijua utaondoka mapema mwambie mwenyekiti kabla, inatosha.

Ukisikiliza, gawa ukurasa mara mbili: kushoto andika anachodai, kulia ushahidi anaotumia, yaani kifungu kipi, tukio gani, barua ipi kutoka nyaraka za zamani. Kufika dakika ya 30 utaona mwenyewe mahali ambapo kushoto kumejaa na kulia kuko wazi. Hapo ndo swali lako lilipo.

Hatua ya 4: Uliza swali

Hapa ndo watu wengi wa kwetu wanakwama, na nataka tukae hapa kidogo. Tumekulia kwenye madarasa ambayo mwanafunzi akimuuliza mwalimu swali gumu mbele za watu inaonekana anamjaribu. Kwahiyo tunakaa kimya kwa heshima, na wenyeji wanausoma ule ukimya kama hatuna la kusema. Huku kumsikiliza mtu dakika 50 halafu asiulizwe kitu ndo kumdharau. Na isikudanganye kwamba ni utamaduni wao tu: mwaka 1968 pale chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka kuhoji kwanini fasihi ya Uingereza ikae katikati na ya Afrika pembeni, wakataka idara ya Kiingereza ifutwe, na masomo ya fasihi Afrika Mashariki yakabadilika kuanzia hapo. Kuhoji kwenye idara ya Kiingereza ni urithi wetu pia.

Sasa swali linajengwaje. Lina vipande vitatu: nimekusikia umesema hiki, nimekwama hapa, wewe unasemaje. Tuseme mgeni ametoa mada juu ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka 1994, kuhusu kijana Yusuf anayepelekwa kwa mfanyabiashara Aziz. Swali baya ni lile linaloanza na historia yako ya dakika tatu, kisha "je, vipi kuhusu ukoloni kwa ujumla?" Zuri ni kama hili, utalisema kwa Kiingereza ila muundo ndo huu:

"Asante. Umeisoma bustani ya Aziz kama sehemu ya uzuri unaoficha unyonyaji. Mimi nimekwama kwa Yusuf: yuko pale kwa sababu ya deni la baba yake, na bado anaipenda ile bustani na kufanya kazi ndani yake. Kwa usomaji wako, mapenzi yake tuyaweke wapi?"

Limechukua sekunde 20. Limeonyesha umesikiliza, limeenda kwenye kitabu chenyewe, na limemwachia mgeni nafasi ya kufikiri. Liandike kamili kwenye daftari kabla ya kunyoosha mkono na ukipewa nafasi lisome vilevile, hakuna atakayekushangaa. Taja jina lako na mwaka wako kwanza.

Tahadhari:
- Swali moja. Sio "nina maswali matatu."
- Usiulize kwanini hakuzungumzia kitabu ambacho hakukusudia kukizungumzia, isipokuwa kukosekana kwake kunavunja hoja yake.
- Usiombe radhi kwa Kiingereza chako. Kiingereza chako kizima.
- Mgeni akikosea jambo la kwetu, mfano kachanganya Pemba na Unguja, usimuumbue mbele za watu kwa kitu kisichobadilisha hoja. Mwambie baadaye pembeni, atakushukuru na atakukumbuka. Ila kama kosa linabeba hoja nzima, liseme palepale kwa upole na ushahidi.

Hatua ya 5: Baada ya mhadhara usikimbie

Dakika 15 za baada ya maswali zina thamani sana. Nenda kwa mgeni, jitambulishe, taja kitu kimoja mahsusi alichosema, sema utafiti wako kwa zile sentensi mbili, muache na wengine wamsalimie. Ukisikia kuna chakula cha mchana cha mgeni na wanafunzi, jiandikishe mapema, huwa nafasi chache na mara nyingi hazijai kwasababu kila mtu anadhani ni za wenzake.

Vinywaji: hakuna anayekulazimisha mvinyo, maji au juisi vipo na hakuna anayeangalia. Kama unakula halali tu, mwambie mratibu mapema, wataagiza. Chakula cha jioni cha mgeni kikiangukia Ramadhani unaweza kuomba muda usogezwe mpaka magharibi ipite au uje baada ya kufuturu, ni ombi la kawaida.

Kesho yake mtumie mgeni imeli fupi, mistari minne mitano. Mwite Profesa na jina la ukoo. Akikujibu akasaini jina la kwanza peke yake, hapo ndo unaweza kumwita hilo jina. Najua ulimi unagoma kumwita mtu wa umri wa baba yako kwa jina tupu, basi endelea na Profesa, hakuna atakayechukia.

Hatua ya 6: Anza kutoa mada nyumbani

Usianzie kongamano la taifa. Anzia kwenye ile wekshopu yako, na kongamano la wanafunzi wa uzamili la chuo chenu au cha jirani. Chukua pepa la darasani ambalo profesa aliandika pembeni "hili liendeleze", waombe waendesha wekshopu nafasi ya muhula ujao, maana nafasi zinajaa mapema. Unapolituma andika juu yake aya fupi ya kuwaambia wasomaji unataka msaada wapi: muundo? hoja ya sehemu ya pili? Usipowaelekeza watakurekebishia koma.

Hatua ya 7: Andika ikisiri na uitume

Wito wa mada, yaani tangazo la kongamano kuomba mada, unautoa wapi? Kuna tovuti ya wito wa mada ya idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, karibu kila mtu wa fani hii anaitumia. Makongamano ya kuyajua ni haya. MLA, chama kikubwa cha lugha na fasihi kilichoanzishwa 1883, kinakutana mwezi wa kwanza, na wito wake unatoka mapema mno, karibu mwaka mzima kabla. Kuna na vyama vya kanda vyenye uhusiano na MLA, kama NeMLA ya kaskazini mashariki, na hivi ni rafiki zaidi kwa anayeanza. ACLA ya fasihi linganishi inakwenda kwa semina, kundi lilelile mnakutana siku mbili au tatu mfululizo, kwahiyo mnajuana kweli. Kwa fasihi ya Afrika kuna ALA iliyoanzishwa miaka ya 1970, na kuna ASA ya masomo ya Afrika kwa ujumla. Kama unaandika mambo ya kwetu ningekushauri uanze na ALA au semina ya ACLA kabla ya MLA, maana utapata wasomaji wanaojua unachosema.

Ikisiri, yaani muhtasari wa mada yako, ni maneno 250 hadi 300. Waandaaji wanasoma nyingi kwa mkupuo, kwahiyo hoja yako ionekane mwanzoni. Linganisha:

Dhaifu: "Mada hii itachunguza suala la utumwa na ukoloni katika riwaya ya Gurnah."

Yenye nguvu: "Nadai kwamba katika Paradise ni deni, zaidi ya utumwa, linalopanga mahusiano yote ya watu, na ndiyo maana mwishoni Yusuf haoni njia ya kutoka isipokuwa kukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani."

Ya pili mtu anaweza kuibishia. Ikisiri isiyoweza kubishiwa haina hoja. Baada ya hoja sema utatumia matukio gani ya kitabu, unabishana na wasomi gani (wawili wanatosha), na ikiwa ni kweli inabadilisha nini. Usirundike nadharia. Mpe supavaiza aisome kabla ya kutuma, na mpe siku kumi, sio usiku wa dedilaini.

Usipeleke mada ileile sehemu mbili kwa mwaka mmoja, na ukikubaliwa usije ukajitoa wiki moja kabla. Paneli ya watu watatu mmoja akikosekana inaharibika, na waandaaji wanakumbuka majina.

Hatua ya 8: Andika pepa la kusikilizwa

Kwenye fani yetu watu wanasoma pepa lililoandikwa. Wenzenu wa sayansi wanasimama na slaidi na kuongea, huku kusoma ni kawaida kabisa, ila lazima uwe umeliandika kwa ajili ya masikio.

Hesabu: ukurasa wenye nafasi mbili kati ya mistari unachukua kama dakika mbili. Dakika 20 ni kurasa 8 hadi 10, maneno kama 2,400 au 2,500. Dakika 15 ni maneno 1,900 hivi. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuchukua pepa la darasani la kurasa 25 na kusoma kwa kasi. Usilipunguze, anza upya: chukua hoja moja na matukio mawili ya kitabu, mengine yaache yakae kwenye tasnifu.

Sentensi ziwe fupi. Mwambie msikilizaji uko wapi: nimemaliza deni, sasa naingia kwa bustani. Nukuu isizidi mistari minne mitano na useme wazi inapoanzia na inapoishia. Weka mabano kwenye aya mbili ambazo muda ukibana utaziruka bila hoja kuvunjika.

Na hili ni letu haswa: usimalize dakika kumi ukieleza historia ya pwani, misafara, Wajerumani, Waingereza, ramani na kila kitu kwa hofu kwamba hawajui. Ni kweli wengi hawajui Pangani iko wapi. Wape sentensi mbili na ramani moja kwenye slaidi, ingia kwenye kitabu. Atakayetaka zaidi atauliza, na hilo litakuwa swali rahisi kwako.

Soma kwa sauti, umesimama, simu ikihesabu muda. Fanya hivyo mpaka uache kujikwaa. Waombe wenzako wawili wakusikilize, mmoja asiwe wa fani yako.

Hatua ya 9: Hendauti na slaidi

Hendauti, yaani karatasi ya kuwagawia wasikilizaji, ya ukurasa mmoja yenye nukuu zako, zimepewa namba, jina lako na imeli juu, inafanya kazi kuliko slaidi kumi. Watu wanaisoma wakati unaongea na wanaondoka nayo. Nakala chache zichapishe kwa herufi kubwa, saizi 14 hadi 16, kwa wasioona vizuri, na beba nakala kadhaa za pepa zima kwa wanaotaka kufuatilia maandishi, MLA wenyewe wanaelekeza hivyo. Slaidi ziwe chache: ramani, picha, nukuu ndefu moja. Usiweke aya ya nadharia halafu ukaisoma neno kwa neno.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Beba pepa lililochapishwa, faili la PDF kwenye flashi na kwenye imeli yako, kebo au adapta ya laptopu yako, maji. Fika dakika 15 kabla, mtafute mwenyekiti wa kipindi na mpe wasifu wako mkiwa mnatazamana. Kama jina lako litamtatiza, liandike kwa silabi: Mwa-na-i-sha, halafu litamke mara moja naye arudie. Usiseme "niite vyovyote tu."

Mwenyekiti akinyanyua karatasi ya dakika 5 angalia mabano yako. Akinyanyua ya dakika 1 nenda kwenye aya ya mwisho ulipo hapohapo. Kupitiliza muda ni kula muda wa mwenzako aliyekuja na ndege kama wewe.

Kwenye maswali, liandike swali wakati linaulizwa. Inakupa sekunde kumi za kufikiri na inaonekana ni umakini. Ukiwa huna jibu sema hujalifikiria kwa upande huo, sema ungeanzia wapi kulitafuta, shukuru. Inatosha.

Hatua ya 11: Hela

Omba ruzuku ya safari KABLA ya kusafiri, vyuo vingi havirudishi hela ya safari ambayo haikuidhinishwa. Uliza idara, kitivo, chama cha wanafunzi wa chuo na kongamano lenyewe, ni mifuko minne tofauti na inaruhusiwa kuichanganya mradi usidai risiti moja mara mbili. Jiunge na chama kwa bei ya mwanafunzi, ada ya kushiriki inashuka sana. Hoteli ya kongamano huwa ghali, gawaneni chumba.

Hela nyingi unalipa wewe kwanza, wanakurudishia baada ya wiki kadhaa. Kama huna kadi ya kubeba huo mzigo mwambie mratibu, idara nyingine zinaweza kukata tiketi moja kwa moja. Tunza risiti inayoonyesha kila kitu ulichonunua, sio ile ya jumla tu, na pombe kawaida hairudishwi, iombe risiti yake pembeni.

Ukialikwa chuo kingine wakataka kukulipa hela ya shukrani na wewe uko kwenye viza ya mwanafunzi, F-1, usiipokee kabla hujauliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Viza hiyo ina masharti ya malipo.

Ukipewa kuandaa wewe

Baada ya mwaka wa pili utaombwa kuendesha mfululizo wa mihadhara. Kubali. Andika barua ya mwaliko miezi sita kabla na useme yote ndani yake: tarehe, dakika ngapi, watu wangapi, mnalipa kiasi gani na mnagharamia nini. Ukitaka kumleta msomi kutoka Nairobi, ambalo ni jambo zuri mno, jua kwamba mgeni wa viza ya matembezi, ile ya B, anaweza kupokea hela ya shukrani kwa shughuli ya kitaaluma isiyozidi siku 9 kwenye chuo kimoja, na awe hajapokea kutoka vyuo zaidi ya 5 ndani ya miezi 6 iliyopita. Ofisi ya chuo ithibitishe kabla hujamuahidi, na anza mapema maana miadi ya viza ubalozini inachukua muda. Ukimtambulisha mgeni siku yenyewe, dakika mbili. Watu wamekuja kumsikiliza yeye.

Ikitokea shida

Wamekuja watu wawili tu. Sogezeni viti mkae duara na utoe mada yako yote vilevile. Watu wawili waliosikiliza vizuri wanaweza kukupa maoni kuliko ukumbi.

Projekta imekufa. Ndo maana una hendauti. Endelea, usipoteze dakika tano ukihangaika na nyaya.

Hakuna aliyeuliza swali. Mwenyekiti mzuri huwa ana lake. Ukiona kimya, wewe mwenyewe sema sehemu gani ya hoja bado inakusumbua, mtu atadaka.

Mtu anakushambulia, au anatoa hotuba badala ya swali. Chukua kipande kimoja unachoweza kukijibu, kijibu, mwangalie mwenyekiti. Usibishane mara ya tatu, sema mtaendelea nje.

Wamesema hawakusikia lafudhi yako. Punguza kasi, sio lafudhi, na tamka mwisho wa sentensi kwa nguvu. Hendauti inasaidia hapa pia.

Ikisiri imekataliwa. Kawaida sana, hata kwa maprofesa, na mara nyingi ni kwasababu paneli imejaa. Irekebishe upeleke kwingine, usiitupe.

Mhadhara umegongana na darasa unalofundisha. Darasa linashinda. Usifute kipindi kwa ajili ya mhadhara bila ruhusa. Uliza kama utarekodiwa.

Kongamano liko Kanada. MLA ya 2026 ilikuwa Toronto na ACLA ya 2024 Montreal, kwahiyo hili litakukuta. Mtanzania, Mkenya au Mganda anahitaji viza ya Kanada, na ili kurudi Marekani unahitaji I-20, ile fomu ya uanafunzi unayopewa na chuo, yenye saini ya safari ambayo haijaisha muda, na kama viza yako ya Marekani imeisha muda uliza kwanza. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa siku ileile umekubaliwa. Ukiona muda hautoshi waandikie waandaaji mapema uulize kama unaweza kutoa mada kwa Zoom au pepa lako lisomwe na mwenyekiti.

Mnafanya kikao cha Zoom na watu wa nyumbani na nusu yao wamekuja saa moja baadaye. Marekani wanabadilisha saa, Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, sisi hatubadilishi. New York iko nyuma yetu saa 7 wakati wa kiangazi na saa 8 wakati wa baridi. Kwenye tangazo andika saa za pande zote mbili, na kwa watu wa nyumbani andika kabisa "saa kumi na mbili jioni, saa za Afrika Mashariki", usiwaachie wakokotoe wenyewe.